Kabla ya Kuvuta Dawa kwenye Bomba: Mambo ya Kuzingatia ili Mbwa au Paka Asizidishiwe Dozi Nyumbani

Jioni ile daktari wa mifugo alipopokea simu yangu aliniuliza maswali manne mfululizo: mbwa ana kilo ngapi, amepewa dawa gani na ya nguvu kiasi gani, amepewa mililita ngapi, na ilikuwa saa ngapi. Nilichokuwa nacho ni jina la dawa tu. Bobi alikuwa amejilaza kando ya mlango wa jikoni huku mate yakimtoka, na kila alipojaribu kuinuka miguu ya nyuma ilipishana akaanguka ubavu. Mboni za macho yake zilikuwa zimetanuka mno, rangi ya kahawia ikabaki uzi mwembamba ukingoni, na nilipopitisha mkono mbele ya uso wake hakupepesa.

Asubuhi ya siku hiyo tulimchoma ivermektini, dawa ya kuua minyoo na wadudu, ya asilimia 1 kwa sababu ya upele. Lebo ya chupa, iliyoandikwa kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wala si mbwa, ilielekeza mililita 1 kwa kila kilo 50. Tulimkadiria Bobi kwa macho kuwa ana kilo 20, tukapiga hesabu, tukapata mililita 0.4. Bomba la sindano tulilokuwa nalo lilikuwa la mililita 5, ambalo kila mstari mdogo huhesabu mililita 0.2, kwa hiyo kipimo chetu kilikuwa mstari wa pili tu tangu mwanzo wa bomba. Aliyeshika bomba alivuta hadi kwenye namba 4, kwa kuwa ndiyo namba aliyoisikia. Tulipofika kwa daktari na Bobi akapandishwa mizani, alikuwa na kilo 13. Mililita 4 za dawa hiyo, yaani miligramu 40, zilikuwa zimeingia katika mwili wa kilo 13, yaani zaidi ya mara 15 ya kiwango ambacho lebo inamtajia ng'ombe kwa kila kilo ya uzito wake.

Ivermektini iliyozidi haina dawa mahususi ya kuipindua. Bobi alitundikiwa maji, akawekwa mahali penye giza na utulivu, akageuzwa ubavu kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya kulalia, na siku ya tano akaanza tena kuona. Mbwa wengi wa jamii ya Collie, na baadhi ya waliochanganyika nao, hubeba hitilafu ya kurithi inayoiruhusu dawa hii kupenya hadi kwenye ubongo kwa urahisi, na kwao kiwango kidogo kuliko hicho kingetosha kuua. Nimeyaandika haya nikiyafuata maswali yale manne, kwa sababu anayeweza kuyajibu kabla hajafungua chupa hawezi kwa urahisi kufanya kosa tulilolifanya sisi.

Uzito ndio wa kwanza, nao hupimwa, haukadiriwi. Mbwa mwenye manyoya mengi huonekana mzito kuliko alivyo, na yule tunayemwona kila siku tunamdhania kwa mazoea. Njia rahisi ni kusimama juu ya mizani ya watu ukiwa umembeba, kisha ukasimama peke yako, ukatoa uzito wako; asiye na mizani anaweza kuomba ile ya duka la nafaka. Paka huwekwa ndani ya kikapu kilichofungwa, kikapimwa pamoja naye, kisha uzito wa kikapu kitupu ukatolewa. Kwa mnyama mdogo jambo hili ni zito zaidi, kwani kosa la kilo moja kwa mbwa wa kilo 30 linaweza lisionekane, ilhali kwa paka wa kilo 3 ni theluthi nzima ya dozi. Watoto wa mbwa na wa paka wapimwe upya kila wanapopewa dawa, kwa maana uzito wa wiki tatu zilizopita si wao tena. Andika namba hiyo pamoja na tarehe.

Swali la nguvu ya dawa ndilo linalowaangusha wengi, wakiwamo wasomi. Jina la dawa halikuambii kiasi kilichomo. Asilimia 1 maana yake ni gramu 1 katika mililita 100, yaani miligramu 10 katika kila mililita, na nguvu hiyo imekusudiwa mifugo kama ng'ombe. Ili msomaji aone umbali uliopo, dozi ya ivermektini iliyomo katika vidonge vya mbwa vya kuzuia minyoo ya moyo ni maikrogramu 6 kwa kilo (maikrogramu elfu moja ni miligramu moja), wakati ya ng'ombe ni maikrogramu 200 kwa kilo. Dawa ya maumivu ya meloksikamu ya kunywa iko ya miligramu 1.5 kwa mililita, iliyokusudiwa mbwa, na iko ya miligramu 0.5, iliyokusudiwa paka. Mwenye kumpimia paka kutoka chupa ya mbwa kwa mililita zilezile anampa mara tatu. Mwenye mnyama wa kisukari ajue kwamba kuna insulini ya yuniti 40 kwa mililita na ya yuniti 100, na kila moja ina bomba lake. Insulini ya 100 ikivutwa kwa bomba la 40, mnyama hupata mara mbili na nusu ya alichoandikiwa. Kwa hiyo kila unaponunua chupa mpya, hata kama ni dawa ileile kutoka duka lilelile, isome lebo kana kwamba hujawahi kuiona, na mwombe daktari akuandikie dozi kwa miligramu na kwa mililita, zote mbili, kwa tarakimu zinazosomeka. Sifuri itangulie nukta: 0.4, kamwe isiwe .4, kwa sababu nukta iliyofifia kwenye karatasi ni mara kumi ya dawa.

Chombo cha kupimia kilingane na kipimo. Kiasi kilicho chini ya mililita 1 kivutwe kwa bomba la mililita 1, ambalo lina mistari ya 0.01, nalo bei yake ni ndogo mno kuwa sababu ya kulikosa. Mtu wa pili aliangalie bomba kabla ya kuchoma au kunywesha, naye asiambiwe namba inayotarajiwa, bali aulizwe anasoma ngapi. Vijiko vya nyumbani havilingani ukubwa. Kifuniko cha soda, ambacho wengi wetu tumekizoea kwa dawa ya kupe, si kipimo cha chochote. Amitrazi ya asilimia 12.5 inayotumika kuogeshea ng'ombe ni dawa kali ambayo ni lazima ichanganywe na maji mengi kwa kipimo sahihi, na mbwa aliyeogeshwa kwa mchanganyiko mzito hulegea, husinzia, moyo wake hupiga polepole na mwili hupoa. Daktari anaweza kumsaidia mbwa huyo, kwa kuwa dawa ya kuipindua amitrazi ipo, ila sharti ajulishwe ni nini kilichokuwa ndani ya ndoo.

Dawa za binadamu zina sura yake. Paka hana uwezo wa kutosha katika ini lake wa kuivunja parasetamoli, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Fizi zake hugeuka rangi ya udongo, uso na nyayo huvimba, na pumzi humpaa. Hapa hakuna cha kupunguza wala kugawa nusu, kwani hakuna kiwango cha nyumbani kilicho salama kwa paka. Ibuprofeni na diklofenaki huwapa mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Vilevile dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini isipakwe paka hata tone, na paka asilale na mbwa aliyetoka kupakwa. Iwapo imemgusa na ameanza kutetemeka, piga simu, na ukielekezwa umwoshe, tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, usimwache apigwe na baridi.

Nyumba nyingi zina watu zaidi ya mmoja wanaompenda mnyama, na upendo huo huzaa dozi mbili: baba ametoa alfajiri, dada wa kazi akatoa saa mbili, kila mmoja kwa nia njema. Bandikeni karatasi mahali dawa inapowekwa, atakayetoa aandike saa na kiasi palepale, kabla hajaosha mikono. Anayekuta pengo asijue kama dozi imetolewa au la, asirudie. Kwa dawa nyingi kukosa dozi moja kuna madhara madogo kuliko kuipata mara mbili, na kwa insulini kanuni hiyo ishikwe bila kulegeza. Paka akitema sehemu ya dawa au akitoka povu mdomoni kwa uchungu wake, asipewe nyingine kufidia mpaka daktari aulizwe. Vidonge vilivyotiwa ladha ya nyama vifungiwe kabatini, kwa sababu mbwa huvinusa na kutafuna pakiti nzima pamoja na karatasi yake.

Kisha jiandae kwa siku ambayo yote haya yatashindikana. Uwe na namba za madaktari wawili walau, na uwaulize mapema, mchana, ni nani kati yao anayepokea simu usiku na ni nani ana dripu na mahali pa kulaza mgonjwa. Uhakikishe pia kwamba ni daktari aliyesajiliwa. Tanzania usajili uko chini ya Baraza la Veterinari, Kenya uko chini ya Kenya Veterinary Board. Walio karibu na Morogoro wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ndugu zetu walioko Marekani wanaweza kupiga simu saa yoyote katika kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA au Pet Poison Helpline, kwa malipo. Fikiria na usafiri: dereva wa bajaji anayekubali kubeba mbwa anayetapika ni mtu wa kutafutwa kabla hajahitajika. Boksi au kikapu cha paka kiwe tayari, na khanga au shuka ya kumfungia, maana mnyama aliyechanganyikiwa na dawa anaweza kumng'ata hata anayemlisha.

Siku hiyo ikifika, piga simu kabla dalili hazijatokea. Usikae kumtazama kwanza. Majirani watakuletea maziwa. Walituletea sisi pia, ingawa dawa ilikuwa imepita kwenye ngozi na maziwa ya tumboni hayakuwa na la kuifanya, na Bobi, ambaye hakuweza kumeza vizuri, angeweza kuyavuta hadi mapafuni. Mafuta ya kula yana hatari iyo hiyo. Chumvi ya kumtapisha ni sumu yenyewe, na mkaa wa jikoni si mkaa uliotengenezwa kwa ajili ya tiba. Kutapisha kuna maana tu pale dawa ilipomezwa na muda haujapita sana, aghalabu ndani ya saa mbili, na kufanywe kwa maelekezo ya daktari. Mnyama anayesinzia, anayetetemeka au asiyeweza kusimama hatapishwi kabisa.

Unapoondoka kwenda kwa daktari beba chupa yenyewe, boksi lake, bomba lililotumika bila kulisafisha, na ile karatasi ya saa na vipimo. Bomba letu lilikuwa bado na alama ya unyevu pale pistoni ilipofika, na daktari aliposoma hapo ndipo tulipojua kuwa ilikuwa mililita 4.