Aksolotli wako anakua au anaumwa? Pima hivi kabla ya kugusa dawa

Maua, aksolotli wangu (mnyama wa majini, jamii ya salamanda) mweupe mwenye macho meusi, alipofikisha mwaka mmoja na nusu hivi, ncha za vidole vyake zilianza kuwa nyeusi. Niliamini vinaoza. Nikamwogesha maji ya chumvi asubuhi na jioni kwa wiki nzima, mpaka akaacha kula na ute wa ngozi ukaanza kumtoka. Vidole havikurudia rangi yake, kwa sababu havikuwa na ugonjwa wowote: aksolotli mweupe akishapevuka, ncha za vidole huwa nyeusi. Nilikuwa nimemtesa mnyama mzima, na bado inaniuma. Tangu siku hiyo nafuata utaratibu ninaouandika hapa, na siruki hatua hata moja.

Hatua ya 1: Mjue akiwa mzima

Nunua daftari. Kila Jumapili mpige picha kutoka juu, mahali palepale, kwa mwanga uleule. Andika alichokula, kama amepata haja, na joto la maji. Tazama upana wa tumbo lake: unapaswa kukaribiana na upana wa kichwa. Tumbo likiwa jembamba kuliko kichwa, mlishe zaidi. Likizidi sana, punguza.

Wiki sita za daftari zitakusaidia kuliko ushauri wa mtu yeyote, mimi nikiwemo. Wapo aksolotli wenye matamvua mafupi tangu utotoni, na wapo wanaolala siku nzima nyuma ya chungu. Usimlinganishe wako na wa kwenye picha za Marekani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita.

Hatua ya 2: Ukiona jambo, anza na maji

Hapa ndipo nataka utulie. Aksolotli asili yake ni maziwa ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Meksiko, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kwenye maji baridi. Anataka nyuzi 16 hadi 18. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, na mchana wa jua chumba hufika nyuzi 27 au 28. Mwenzangu anayefuga Kabale, kule milimani kwenye baridi, hana taabu hii. Sisi wa Kampala, joto ndilo adui wa kwanza: hupunguza hewa ndani ya maji, humwondolea mnyama hamu ya kula, na huwapa nguvu bakteria na kuvu. Ikifika nyuzi 24, yuko hatarini hata kama bado anaogelea vizuri.

Kwa hiyo weka kipimajoto ndani ya tangi na usome saa tisa alasiri. Ukisoma asubuhi utajidanganya. Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji hushusha nyuzi mbili tatu. Ongeza maji yanayopungua kwa mvuke. Umeme ukikatika, tia chupa ya maji yaliyogandishwa ikiwa imefungwa vizuri, kisha uangalie kipimajoto, kwa maana kushuka kwa ghafla nako humdhuru. Mimi huweka chupa mbili kwenye friza siku zote.

Halafu pima amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa mnyama na mabaki ya chakula, kwa vipimo vya matone. Vyote viwili viwe sifuri. Naitreti, ambayo sumu yake ni hafifu zaidi, ibaki chini ya miligramu 40 kwa lita, na ikiwa chini ya 20 ni bora zaidi. Maji ya bomba hapa mjini yana klorini. Tumia dawa ya kuiondoa kabla ya kuyamimina kwenye tangi. Nimeshaitwa nyumbani kwa watu mara nyingi kumwona "mgonjwa", na mara nyingi zaidi nimekuta mgonjwa ni tangi.

Hatua ya 3: Ondoa yale ya kawaida

Maji yakiwa safi na baridi, sasa mtazame mnyama mwenyewe.

Matamvua ya aksolotli mweupe hubadilika rangi ndani ya saa moja tu: mekundu akishakula au akitembea, ya waridi hafifu akipumzika. Hiyo ni damu inaongezeka na kupungua. Kupanda juu kumeza hewa pia ni kawaida, maana ana mapafu pamoja na matamvua. Mwanangu aliwahi kunikimbilia akilia, "Baba, anaelea, anakufa!" Tulikaa tukamtazama pamoja. Baada ya dakika chache akatoa kiputo kimoja na kuteremka. Swali la kujiuliza ni hili: akitaka kushuka, anaweza?

Weupe hupata madoa meusi kichwani na kwenye matamvua kadiri wanavyokua. Uvimbe wa pande mbili nyuma ya miguu ya nyuma ni alama ya dume aliyepevuka. Watu wengi hudhani ni jipu. Jike aliyejaa mayai huwa mnene kiunoni. Utando mwembamba wa ngozi ukielea mara mojamoja ndani ya maji safi, usihofu.

Hamu ya kula nayo hupungua kwa umri. Mdogo hula kila siku, mkubwa hutosheka na nyungunyungu mara mbili au tatu kwa wiki. (Nyungunyungu chimba kwenye migomba isiyopigwa dawa, kisha uwaoshe.) Na mguu ukikatwa na mwenzake, kidonda kisafi kikafungika na kichomozo kidogo kikaonekana, unaota upya. Mpe muda, na umtenge na huyo mwenzake.

Hatua ya 4: Dalili ambazo sizipuuzi

Manyoya meupe kama pamba kwenye matamvua au kwenye kidonda ni kuvu. Wekundu wa mabaka tumboni au miguuni, penye ngozi iliyokuwa safi wiki iliyopita, ni ama kuungua kwa amonia ama maambukizi ya bakteria, na hauvumilii kusubiri. Kuelea kichwachini, au kwa ubavu bila kuweza kushuka, huweza kuwa ni gesi, kufunga choo au changarawe aliyomeza. Ndiyo maana nasema tangi lake liwe na mchanga laini sana au sakafu tupu.

Matamvua yaliyokunjika kuelekea mbele na ncha ya mkia iliyojipinda ni mnyama anakuambia hana raha. Hapo kagua chujio kwanza, maana hapendi mkondo wenye nguvu, kisha rudi kwenye joto.

Dalili hafifu ikiwa moja peke yake hainipi hukumu. Zikiwa mbili pamoja, kwa mfano matamvua yamepauka mchana kutwa na mkubwa amekataa chakula zaidi ya wiki, naenda hatua inayofuata siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Beseni

Chukua beseni safi la plastiki ambalo halijawahi kuguswa na sabuni. Jaza maji yaliyoondolewa klorini, yenye joto sawa na la tangi, yamfunike vizuri. Mhamishe, weka kifuniko chenye matundu, mpeleke penye giza na ubaridi. Badilisha maji yote kila siku, huku ukilisafisha tangi na kulipima upya. Wengi hupona hapo bila dawa.

Chumvi ni kwa kuvu tu. Vijiko vidogo viwili kwa lita moja, kwenye chombo cha pembeni, dakika 10, kisha mrudishe kwenye beseni. Fanya mara moja au mbili kwa siku, na ikifika siku ya tatu simama utazame. Chumvi iwe tupu, isiyo na iodini. Ile ya mabonge kutoka Ziwa Katwe waachie ng'ombe, kwa kuwa ina madini mengine ndani yake.

Hatua ya 6: Daktari

Mabaka mekundu, uvimbe wa mwili mzima, au kuvu inayorudi baada ya siku tatu za chumvi: tafuta daktari wa mifugo. Wengi wetu hapa tumezoea madaktari wa ng'ombe, kuku na mbwa, basi uliza mapema aliyewahi kutibu samaki, kabla mnyama hajaugua. Mimi huanza kuulizia kwa watu wa chuo cha mifugo pale Makerere na wa kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki Kajjansi, barabara ya Entebbe.

Usimpe antibiotiki ya kuku kwa kukisia. Nenda na daftari lako, picha za Jumapili nne za mwisho, na chupa ndogo ya maji ya tangi uliyoyateka kabla hujayabadilisha. Mnyama asafiri kwenye chombo chake, na kipande cha barafu kilichofungwa kwa taulo kikae nje ya chombo, si ndani.