CBA ya walimu: jinsi ya kuisoma na kuipima na payslip yako

Walimu wenzangu wa Mombasa, tangu CBA ya 2025-2029, yaani mkataba wa mishahara na masharti ya kazi kati ya vyama vyetu na TSC, tume inayotuajiri, isainiwe Julai 2025, swali ni lile lile kila mwisho wa mwezi, mbona nyongeza yangu ndogo, mbona wa shule ya pili kapata zaidi. Watu waliishika ile bilioni 33.8 ya magazetini, kumbe hiyo ni ya walimu nchi nzima kwa miaka minne, yako wewe huijui mpaka ukae chini na kalamu. Haya, toa payslip ya Juni 2025 na ya mwezi huu, twende.

Hatua ya 1. Angalia gredi yako, B5 mpaka D5, halafu uitafute kwa jedwali la CBA. Nyongeza imewekwa kwa basic, yaani mshahara wa msingi kabla ya marupurupu na makato, kwa hivyo linganisha basic na basic. Usianze na net, ile inayobaki mkononi, net itakukasirisha bure.

Hatua ya 2. Sasa piga hesabu ya makato, na hapa ndipo wengi huanza kuwatukana watu wa tawi la chama bila sababu. Tuseme basic imepanda 3,000 na uko kwa pensheni ya kuchangia ile ya asilimia 7.5. Pensheni yala 225, SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75 ni 82.50, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 45. Zabaki 2,647.50, KRA, mtoza ushuru, akate asilimia 30 kama mshahara wako umeshapita 32,333, hiyo ni 794.25. Mkononi umebaki na 1,853.25, na bado chama hakijakata, kama ni asilimia 2 ya basic toa 60 nyengine. Kwa hivyo ukiona 1,793 hujaibiwa bana, ni serikali imerudisha kwa mkono wa kushoto. Ukiona 400 ndio uulize, na kwanza hakikisha hakuna mkopo wa sacco ulioanza kukatwa mwezi huo huo.

Hatua ya 3. Marupurupu ya nyumba yafuata kituo cha kazi, sio unakolala. Mwalimu wa Likoni na mwenzake wa Ng'ombeni wapanda matatu moja asubuhi, gredi moja, lakini wa Ng'ombeni yuko kaunti ya Kwale na kiwango chake ni cha chini. Hilo sio kosa la payslip.

Hatua ya 4. Tazama laini ya chama, KNUT, KUPPET au KUSNET. Ukikuta wakatwa na chama usichokijua andika barua ya kujitoa mapema, usingoje. Mambo ya chama si mchezo, 2019 baada ya kesi ya mahakamani walimu wa KNUT walikosa nyongeza huku wenzao wa staffroom moja wakiipata, na watu wakahama kwa maelfu.

Hatua ya 5. Soma na kurasa zisizo na pesa. CBA ya 2021 ilisainiwa bila hata shilingi, nyongeza ikaja kubandikwa 2023, lakini ndani yake ndio likizo ya uzazi ilitoka siku 90 ikawa 120 na ya baba kutoka 14 ikawa 21. Kuna kina baba mpaka leo hawajaziomba hizo siku!

Ukipata kosa la kweli andika barua kupitia mkuu wa shule iende ofisi ya TSC ya kaunti, bandika payslip zote mbili, nakala peleka tawini. Simu haiachi ushahidi.

MASWALI

Mwalimu, Kisauni: Mimi sina chama chochote, hii CBA yanihusu?
Jibu: Yakuhusu mwalimu. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yasema CBA yawafunga wote wanaostahili kuwa kwa chama, hata asiyejiunga. Ndio maana waweza kukatwa agency fee, ada ya asiye mwanachama, umekula matunda changia maji.

Sekretari wa shule, Changamwe: Na sisi tulioajiriwa na BOM, bodi ya shule, jamani? Mpishi wetu ana miaka mingi hapa na hajui CBA ni nini.
Jibu: Dada yangu, hii ya TSC haiwagusi kabisa, mwajiri wenu ni bodi. Chama chenu ni KUDHEIHA, cha wafanyakazi wa majumbani, mahoteli, taasisi za elimu na hospitali. Mwasaini Fomu S ya kukubali kukatwa ada ya chama, chama chaipeleka kwa mwajiri, naye ana siku 30 aanze kukata. Waliojiunga wakipita nusu ya wafanyakazi, bodi yatakiwa ikitambue chama, yaani kama mko 12 mwahitaji 7, wapishi, askari na nyinyi wa ofisi mkishikana mmefika. Mkataba ukisainiwa uandikishwe mahakama ya kazi, kabla ya hapo hauna meno.

Intern wa JSS (sekondari ya chini), Mtwapa: Nitafute gredi gani?
Jibu: Huna gredi kwa jedwali hilo ndugu, wewe uko kwa kandarasi. Ukipewa ajira ya kudumu ndio urudi hatua ya 1.

Mwalimu, Mvita: Kwani tukigoma tu?
Jibu: Notisi ya siku 7 kwa maandishi ni lazima, na inatolewa na chama, sio staffroom. Tena jambo ambalo CBA iliyosainiwa imeshalimaliza huwezi kuligomea kisheria, na kama mwajiri hatekelezi mahakamani ndio pafupi. Bajeti hutengenezwa kabla ya Juni, kwa hivyo kama una dai la CBA ijayo lipeleke tawini sasa, kwa maandishi.