Kuingiza Kuku Wageni Bandani Bila Kumwaga Damu

Kuku wawili wasiojuana huanza kwa kutazamana. Kila mmoja hupima umbo la mwenzake, namna anavyoinua kichwa, na ukubwa na wekundu wa upanga wake, ile nyama iliyosimama juu ya kichwa. Mara nyingi mmoja huinamisha kichwa na kuondoka, yakaisha. Wakikosa muda au nafasi ya kupimana hivyo, ndipo damu hutoka. Mfugaji awape vyote viwili.

Kwanza karantini: wiki 3 hadi 4 mahali palipo mbali na banda, na chanjo ya kideri itolewe mapema ndani ya kipindi hicho. Usilete kuku mmoja peke yake, kwa sababu banda zima litamshukia yeye tu. Wawe angalau 2, na wa umbo linalokaribiana na wenyeji. Vifaranga wakubwa wenye upanga mdogo, uliopauka, husomwa kuwa dhaifu na kudonolewa bila kikomo. Wasubiri hadi wiki 16 au zaidi.

Kisha gawanya banda kwa wavu wa kuku, kuanzia sakafuni hadi juu wasikoweza kuruka, kwa siku 7 hadi 10. Weka vilishio pande zote mbili karibu na wavu ili wale wakitazamana. Siku za kwanza watatunisha manyoya ya shingo na kudonoana kupitia matundu. Wakianza kula bila kutunisha shingo, wako tayari. Kama bado wanarukia wavu siku ya 10, ongeza siku, usiwalazimishe.

Hatua inayosahaulika ni watazamaji. Mwaka 1996 watafiti wa Kanada waliwaonyesha kuku mgeni akimpiga mbabe wao. Waliotazama hawakuthubutu kumshambulia mgeni huyo, na alipowavamia walinyenyekea papo hapo. Walioona mbabe wao akimshinda mgeni walimvamia wenyewe, na nusu yao walishinda. Kumbe kuku hujifunza nguvu za mpinzani kwa kutazama tu, bila kupigana naye. Ndiyo maana tunashauri mgeni asikutanishwe na mbabe wa banda mbele ya wenzake wote: akipigwa, kila aliyeona atajaribu bahati yake. Anza kwa kuwaweka wageni upande mmoja na wenyeji 2 au 3 wa ngazi ya chini, siku moja au mbili, huku wavu ukifunikwa kwa magunia.

Siku ya kuondoa wavu, fanya hivyo muda wa saa mbili hivi kabla ya giza kuingia, wakiwa nje uwanjani. Desturi ya kuwapachika wageni kwenye vichanja usiku haidhuru kama wamekwisha kuzoeana, ila peke yake haitoshi: asubuhi wataamka bado wageni, tena ndani ya nafasi finyu. Hesabu kuku wasiozidi 4 kwa kila mita ya mraba na sentimita 20 za kichanja kwa kila kuku. Vilishio na vyombo vya maji viwe viwili au zaidi, vikae mbalimbali ili mbabe asivilinde vyote. Egemeza ubao ukutani, wazi ncha zote mbili. Aliyeshindwa anahitaji pa kukimbilia. Kona iliyoziba humfunga, naye mshindi huendelea kumdonoa kwa kuwa hajamwona akiondoka.

Kukimbizana na kudonoana kidogo kwa siku chache ni kawaida. Ingilia kati ukiona damu, au kuku aliyeficha kichwa konani. Mtoe mchokozi, umtenge siku 3 au 4; akirudi, ngazi ya ubabe imekwisha kupangwa bila yeye. Ukimtoa mnyonge kwa muda mrefu, atarudi akiwa mgeni upya. Aliyejeruhiwa sana, hata hivyo, atengwe mara moja hadi apone. Osha kidonda kwa maji ya chumvi, upake GV, dawa ya vidonda ya rangi ya zambarau, ili kufunika wekundu: rangi nyekundu huwavuta wengine kudonoa.

Majogoo ni shughuli nyingine. Jogoo mmoja hutosha majike 8 hadi 10, na wawili wanaolingana umbo ndio hupigana muda mrefu zaidi, kwa kuwa macho hayawezi kuwaamulia. Kama ni lazima uwe na wawili, chagua waliokulia pamoja, au watofautiane wazi kwa ukubwa.

Kila jioni kwa wiki ya kwanza, papasa kifuko cha chakula shingoni mwa kila mgeni. Kikiwa kitupu, anazuiwa kula, hata kama hujaona ugomvi wowote. Mwongezee kilishio pembeni siku hiyohiyo.