Kodi Sasa au Kodi Uzeeni: Jinsi ya Kuchagua Akaunti ya Akiba ya Kustaafu Nchini Marekani

Mfanyakazi anayeajiriwa Marekani mara nyingi hupewa fomu ya mpango wa akiba wa mwajiri, unaojulikana kama 401(k), na ndani yake hukuta nafasi mbili za kujaza: moja ya michango inayokatwa kabla ya kodi, na nyingine ya michango ya Roth. Wengi hujaza kama alivyojaza jirani yao kazini, kisha hawaigusi tena fomu hiyo kwa miaka mingi. Uamuzi huu unastahili walau jioni moja ya hesabu, na hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa tu.

Katika akaunti ya kodi iliyoahirishwa, fedha huingia bila kutozwa kodi ya mapato, hukua bila kutozwa mwaka hadi mwaka, na kila dola unayoitoa baadaye huhesabiwa kuwa mapato ya mwaka ulioitoa. Katika Roth, kodi hulipwa kwanza, kisha akiba pamoja na faida yake hutolewa bila kodi, mradi masharti yametimizwa. Akaunti binafsi ya aina ya kwanza, yaani IRA ya kawaida, ilianzishwa na sheria ya mwaka 1974. Roth IRA ilianza 1998, ikapewa jina la seneta William Roth wa Delaware, na waajiri wakaruhusiwa kuweka Roth ndani ya 401(k) kuanzia 2006. Ikumbukwe pia kwamba maneno “kabla ya kodi” yanahusu kodi ya mapato peke yake, kwa sababu makato ya Social Security (mafao ya uzeeni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee) huchukuliwa kwenye mshahara wako hata kwa michango hiyo.

Kabla ya kuchagua, changa kwanza kiasi kinachokuwezesha kupata mchango wote ambao mwajiri ameahidi kukuongezea. Hakuna unafuu wa kodi, wa upande wowote, unaoweza kufidia fedha hizo ukiziacha.

Kosa linalorudiwa mara kwa mara ni kudhani kwamba Roth hushinda daima kwa kuwa faida yake haitozwi kodi. Chukua dola 1,000 za mshahara, kodi ikiwa asilimia 22, na tuseme akiba itakua mara nne. Ukiahirisha kodi, dola 1,000 zitakuwa 4,000, na baada ya kukatwa asilimia 22 utabaki na 3,120. Ukitumia Roth, utaanza na dola 780 zilizobaki baada ya kodi, nazo zikikua mara nne zitafika 3,120 zilezile. Kiwango cha kodi kikiwa kimoja mwanzoni na mwishoni, akaunti hizi hazitofautiani hata senti. Kinachoamua ni kama kiwango chako cha leo ni kikubwa au kidogo kuliko cha siku utakayotoa fedha: kikiwa asilimia 12 wakati huo, aliyeahirisha atabaki na 3,520, na kikipanda juu ya 22, mwenye Roth ndiye atakayemzidi.

Kwa hiyo tafuta kwanza kiwango kinachotozwa dola yako ya mwisho. Mtu asiye na mwenzi aliyepata mshahara wa dola 70,000 mwaka 2025 aliondolewa kwanza dola 15,750 zisizotozwa kodi ya shirikisho, akabaki na 54,250. Kwa kundi lake, dola 11,925 za mwanzo zilitozwa asilimia 10, zilizofuata hadi 48,475 zikatozwa asilimia 12, na zilizozidi hapo zikatozwa asilimia 22. Maana yake ni kwamba dola zake 5,775 pekee ndizo zilizoangukia asilimia 22. Akiweka kiasi hicho katika akaunti ya kuahirisha, ameokoa asilimia 22 kwa kila dola. Akiendelea kuahirisha zaidi ya hapo, anaokoa asilimia 12 tu, na kwa dola hizo ningemshauri ageukie Roth. Watu husahau kwamba hakuna anayelazimishwa kuchagua upande mmoja, kwani mipango mingi ya 401(k) yenye Roth huruhusu kugawa michango.

Kukadiria kiwango cha uzeeni ni kugumu zaidi, na hapa ndipo watu wanapojitisha bila sababu. Fedha zinazotoka wakati huo hazianzi kutozwa kwa kiwango cha juu, kwa sababu hujaza ngazi za chini kwanza. Kwa kanuni hizo za 2025, na bila kuhesabu nyongeza ya kiasi kisichotozwa wanayopewa wenye miaka 65 na zaidi, mtu asiye na mapato mengine akitoa dola 40,000 atalipa takriban dola 2,670, yaani chini ya asilimia 7 ya alichotoa. Aliyeahirisha kodi ya asilimia 22 au 24 ili aje kulipa 7 amefanya biashara nzuri. Hali hubadilika iwapo kuna pensheni nene, pango unalolipwa na wapangaji au mafao ya Social Security yanayojaza ngazi hizo za chini kabla akiba haijaguswa. Zaidi ya hayo, fedha zinazotoka katika akaunti iliyoahirishwa zinaweza kusababisha hadi asilimia 85 ya mafao ya Social Security yatozwe kodi, ilhali zinazotoka Roth kwa kufuata masharti haziingii katika hesabu hiyo.

Kodi ya jimbo nayo isisahauliwe. Anayefanya kazi California, ambako kodi ya mapato ni kubwa, na anayetarajia kustaafia Texas au Florida, ambako haipo kabisa, ana sababu ya ziada ya kuahirisha. Tangu 1996 sheria ya shirikisho inalizuia jimbo ulilolihama kutoza fedha unazotoa katika mipango ya aina hii. Anayeelekea upande wa pili afikiri kinyume chake.

Kwa kijana anayeanza na mshahara mdogo, jibu kwa kawaida ni Roth, kwa kuwa asilimia 10 au 12 ni bei ndogo. Roth IRA ina wepesi mwingine: fedha ulizochanga mwenyewe unaweza kuzitoa wakati wowote bila kodi wala faini, ingawa faida yake husubiri ufikishe miaka 59 na nusu na akaunti itimize miaka mitano. Katika akaunti iliyoahirishwa, kutoa kabla ya umri huo huleta kodi na, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa na sheria, faini ya asilimia 10. Baadaye sheria hukulazimisha kuanza kutoa, ukifika miaka 73, au 75 ikiwa ulizaliwa 1960 au baadaye. Mwenye Roth halazimishwi maisha yake yote.

Kwa mwenye kipato kikubwa mlango wa Roth IRA hufungwa: kwa asiye na mwenzi, mwaka 2025 haki ya kuchanga ilianza kupungua kwenye dola 150,000 na kuisha kwenye 165,000. Roth ya ndani ya 401(k) haina kikomo hicho. Ukomo wa mchango ulikuwa dola 7,000 kwa IRA na 23,500 kwa 401(k), chini ya miaka 50. Anayejaza ukomo wote katika Roth ameweka akiba kubwa zaidi kwa uhalisia, maana hakuna sehemu ya dola hizo inayoisubiri serikali.

Kuahirisha kodi kunafaa tu ikiwa kodi uliyookoa nayo inawekwa akiba. Anayechanga katika akaunti ya kuahirisha kiasi kilekile ambacho angeweka Roth, kisha akatumia nafuu ya kodi kwa matumizi ya kila mwezi, atajikuta na kidogo uzeeni kuliko aliyechagua Roth. Kama unajijua huna nidhamu hiyo, Roth itakusimamia.

Michango ya mshahara katika 401(k) hufungwa mwaka unapokwisha, lakini ya IRA hupokelewa hadi tarehe ya kuwasilisha ritani (fomu ya kodi ya mwaka), kwa kawaida 15 Aprili ya mwaka unaofuata. Mchango wa IRA uliowekwa upande usiofaa bado unaweza kuhamishiwa upande wa pili kabla ya muda wa ritani kwisha. Ila ukibadili akiba ya zamani iliyoahirishwa kodi kuwa Roth, tangu 2018 hatua hiyo haitanguki.