Kutia haidrojeni kwenye yujenoli ya karafuu bila moto

Mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) yanayokamuliwa kwa mvuke Pemba yamejaa yujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake. Bondi maradufu (kiungo cha jozi mbili za elektroni kati ya atomi mbili za kaboni) iliyo mwisho wa mkia wa molekuli yake hupokea haidrojeni kwa joto la chumba la huku kwetu, nyuzi 28 hadi 32, mradi ziwepo chembe nano (ndogo mno) za metali ya paladiamu, ambazo ndizo kichocheo. Hita haihitajiki. Kinachochelewesha kazi ni haidrojeni kutofika kwenye chembe.

Tenga yujenoli kwanza. Tikisa mafuta na sodiamu haidroksaidi ya asilimia 5 ili yujenoli iingie majini, ondoa mafuta yanayoelea (ndimo ilimo kariofilini, kemikali nyingine ya karafuu, nayo hula haidrojeni), kisha tia asidi mpaka yujenoli izame chini. Ioshe kwa maji, ikaushe.

Kichocheo: yeyusha miligramu 42 za paladiamu kloraidi katika mililita 2 za maji ya vuguvugu yenye matone mawili ya asidi haidrokloriki kali. Mimina kwenye miligramu 475 za mkaa amilifu uliolowekwa katika mililita 20 za maji, koroga saa nzima. Sawazisha pH hadi 7 kwa sodiamu bikaboneti, weka chombo kwenye barafu, kisha dondosha taratibu miligramu 90 za sodiamu borohaidraidi iliyoyeyushwa papo hapo katika mililita 5 za maji baridi. Ukiimwaga yote kwa pamoja, chembe hushikana mabonge na uso wa kufanyia kazi hupungua. Osha tope, lakini lisikauke.

Tia sehemu ya kumi ya tope hilo kwenye chupa, pitisha nitrojeni, ndipo uongeze mililita 20 za ethanoli na gramu 1.64 za yujenoli. Safisha tena kwa nitrojeni mara tatu, kisha fungulia haidrojeni na ukoroge kwa nguvu: weusi wote wa kichocheo uinuke, usibaki hata kidogo chini. Ukikoroga kivivu, paladiamu huhamisha bondi badala ya kuijaza, unapata isoyujenoli (yujenoli ambayo bondi yake imehama), ambayo hujaa polepole zaidi.

Ikipimwa juu ya maji kwa nyuzi 30, haidrojeni inayoliwa ni karibu mililita 260. Ikizidi, tafuta tundu linalovuja au kariofilini iliyobaki. Haidrojeni ikigoma kuliwa mapema, shuku salfa, ambayo huua kichocheo. Vizibo vya mpira huitoa. Usitumie pamanganeti, ambayo hupoteza rangi ikikuta bondi maradufu, kupima kama kazi imekwisha: sehemu ya fenoli ya molekuli nayo huiondolea rangi, hata kazi ikiwa imekwisha.

Toa haidrojeni kwa nitrojeni kabla ya kuchuja. Kichocheo kikikauka hewani huwasha mvuke wa ethanoli, kwa hiyo kimwagie maji kabla karatasi haijakauka, ukihifadhi ndani ya maji.