Kuunganisha Majedwali katika SQL Bila Kuzidisha Hesabu

Tuseme mwenye mashua tatu pale Lamu anaweka hesabu zake katika hifadhidata inayoulizwa kwa SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, yenye majedwali matatu: mashua, safari na matengenezo. Kila mashua ina namba yake isiyojirudia katika safu ya id, na namba hiyohiyo huandikwa katika safu ya mashua_id kila inapopeleka abiria Shela au Mokowe, na kila inapofanyiwa matengenezo. Kiungo ni namba hiyo. Usiunganishe kwa jina, kwani mashua mbili kuitwa Tausi si ajabu.

SELECT m.jina, s.tarehe, s.nauli
FROM mashua m
JOIN safari s ON s.mashua_id = m.id;

Hapa m na s ni majina mafupi ya majedwali mashua na safari. Swali hili huleta mashua zilizosafiri tu. Ile iliyopandishwa pwani kutiwa kalafati haitaonekana kabisa, wala hapatatokea onyo lolote. Ukitaka ionekane, andika LEFT JOIN badala ya JOIN, nayo itatokea ikiwa na NULL, yaani alama ya kukosa thamani, mahali pa tarehe na nauli. Hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza: huongeza WHERE s.nauli > 1000, na kwa kuwa NULL hailinganishiki na namba yoyote, mashua ile hutoweka tena. Sharti la namna hiyo, linalohusu jedwali la kulia, liandikwe ndani ya ON, yaani pamoja na sharti la kuunganisha.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni lile linalotoa jibu linalofanana na kweli. Tausi ina safari 4, kila moja kwa nauli ya shilingi 1,500, na imetengenezwa mara 3. Nauli zake ni 6,000. Ukiunganisha majedwali yote matatu kwa mkupuo, kila safari hukutanishwa na kila rekodi ya matengenezo, hupatikana mistari 12, na SUM(s.nauli) hukupa 18,000. Kutia DISTINCT, neno linaloondoa thamani zinazojirudia, ndani ya SUM hakuponyi, maana nauli zote ni sawa na jibu litashuka hadi 1,500. Jumlisha kwanza nauli za kila mashua (ndiyo kazi ya GROUP BY), ndipo uunganishe:

SELECT m.jina, n.jumla
FROM mashua m
LEFT JOIN (SELECT mashua_id, SUM(nauli) AS jumla
  FROM safari GROUP BY mashua_id) n
ON n.mashua_id = m.id;

Matengenezo nayo yafanyiwe vivyo hivyo. Kisha hesabu mistari: mashua ni tatu, basi jibu liwe na mistari mitatu, ukipata minne, kagua tena ON na GROUP BY kabla hujampelekea mwenye mashua hesabu yake.