Linka inadai __udivdi3: soma hapa kabla ya kuuliza

Swali hili la wanaojiandikia kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) linarudi kila wiki: kwa nini linka, programu inayounganisha mafaili ya `.o`, inakataa? Basi jibu likae mahali pamoja. Ujumbe ni `undefined reference to '__udivdi3'`, au `__umoddi3` kwa baki. Namba zinazokubali hasi hudai `__divdi3` na `__moddi3`. Prosesa ya x86 ya biti 32 haina amri ya kugawa biti 64 kwa biti 64, hivyo kompaila ya GCC huita kazi (function) iliyomo ndani ya libgcc, maktaba yake ya msaada. Nawe umeweka `-nostdlib`, ambayo huitoa libgcc.

1. Tumia kompaila ya i686-elf (inayojenga kwa x86 ya biti 32 bila mfumo wa uendeshaji), si ile iliyokuja na mashine.

2. Unganisha kwa `i686-elf-gcc`, si kwa `ld` yenyewe.

3. `-lgcc` ikae mwisho kabisa:

`i686-elf-gcc -T linker.ld -o kernel.elf -ffreestanding -nostdlib boot.o kernel.o -lgcc`

Hapa ndipo watu wanapokwama. Linka husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na katika faili la `.a` (maktaba, kama libgcc) huchukua tu kinachodaiwa wakati huo. Ukitanguliza `-lgcc`, bado hakuna anayedai kitu. Inapitwa, na kosa linabaki lile lile ingawa unaapa libgcc umeiweka. Maktaba zako za `.a` nazo zitangulie. Kuiweka `-lgcc` kwenye CFLAGS (orodha ya vigezo vya kompaila) hakusaidii: kwa kawaida huangukia mbele ya mafaili ya `.o`.

4. Kama namba inayogawanya inaenea biti 32, huna haja ya libgcc (`n` ni namba ya biti 64 inayogawanywa, `d` ndiyo inayogawanya):

```
uint32_t juu = n >> 32, chini = n;
uint32_t q1 = juu / d, r = juu % d, q0;
asm("divl %4" : "=a"(q0), "=d"(r)
    : "0"(chini), "1"(r), "rm"(d) : "cc");
n = ((uint64_t)q1 << 32) | q0;
```

Usiruke mgawanyo wa `juu`. Jibu lisipoenea rejista ya eax, prosesa hurusha #DE (kosa la kugawa), namba 0, ile ile ya kugawa kwa sifuri. Utaitafuta sifuri isiyokuwepo.

Maswali

kitanzi: Nimefuata yote, bado. Nisaidieni haraka.

Mwandishi: Bandika amri nzima.

kitanzi: `gcc -m32 -nostdlib -lgcc kernel.o`

Mwandishi: Hatua ya 1. Kisha ya 3.

rejista_tupu: Nimeandika `__udivdi3` yangu, ndani yake `return a / b;`. Inaunganika vizuri, ila mashine inajiwasha upya. Kwa nini?

Mwandishi: Swali zuri. Hiyo `a / b` ya biti 64 hugeuzwa kuwa wito wa `__udivdi3`, yaani inajiita yenyewe mpaka steki iishe. Kwa `-O2` wito unaweza kugeuka `jmp`, hapo mashine inaganda tu. Linka haina la kulalamikia, maana jina lipo. Gawa kwa kuhamisha biti na kutoa, mizunguko 64, kisha kagua kwa `objdump -d` kwamba kazi hiyo haijiiti.

biti64: Na x86_64 nako libgcc ni hivi hivi?

Mwandishi: Huko jina ni `__udivti3`, kwa namba za biti 128. Kerneli ijengwe kwa `-mno-red-zone`, na libgcc yenyewe pia. La sivyo interapti (ukatizaji wa prosesa) itaandika juu ya data iliyo chini ya rsp, rejista inayoonyesha kilele cha steki.

chuma: Wa moduli za Linux wasiguse `-lgcc`. Kuna `div_u64` ndani ya `linux/math64.h`.

Mwandishi: Kweli. Na `do_div(n, d)` hurudisha baki. Jibu hubaki ndani ya `n`. Ukiandika `x = do_div(n, d)` ukingoja jibu, utapata baki na `n` yako imeshabadilika.